Raba za Upande wa Jubilate

Marta aliteleza kwenye tope chini ya mikakao yake, akaanguka na kuvunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuinuka tena. Hospitali walimhudumia kwa kadiri walivyoweza, kisha wakamrudisha nyumbani Busale wakisema kwamba kwa umri wake mfupa utaunga taratibu. La muhimu atulie. Asitikiswe.

Kutulia ndiko kulikoshindikana. Nyuma ya ukuta wa chumba chake palikuwa na banda la mashine ya kukoboa mpunga, mali ya jirani yake Jubilate. Injini ya dizeli ilifungwa kwa bolti juu ya zege, chuma juu ya zege bila kitu katikati, na zege lenyewe lilimwagwa ovyo hata likaegemea msingi wa nyumba ya Marta. Mashine ikiwashwa asubuhi, maji kwenye kikombe chake yaliingia mikunjo na kitanda kilianza kusogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Marta alimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba kuna kitu kinasaga ndani ya mfupa wake, na kwamba kinaanza mashine inapoanza na kunyamaza inaponyamaza.

Bintiye wa pekee, Kisa, alifunga kibanda chake cha kazi Mbeya mjini akashuka kuja kumuuguza. Kisa alikuwa fundi raba. Alichonga bushi za malori na raba za kukalia injini kutoka kwenye matairi chakavu na vipande vya mikanda ya mitambo, na alikuwa na tabia ya kubonyeza kila mpira kwa kidole gumba kabla hajausemea lolote. Usiku wa kwanza alilala chini kando ya kitanda cha mama yake. Asubuhi injini iliponguruma akaisikia kwenye mbavu zake mwenyewe, na hapo hapo akajua tatizo ni nini na dawa yake ni ipi.

Alimkuta Jubilate ameketi mbele ya banda, anamenya ndizi mbivu. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Watu walimwita Baba Neema, kwa jina la binti yake aliyeolewa Tukuyu.

"Mugonile, Baba Neema," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, binti Marta. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hapumziki. Mashine inamtikisa. Naomba uniruhusu niiwekee raba chini, mimi mwenyewe, kwa vifaa vyangu. Itakaa juu ya mpira badala ya zege, na ule mtikisiko hautavuka kuja kwetu."

Jubilate akacheka kwa upole. "Raba nazijua. Zinameza sauti. Mtu aliye huko mashambani akisikia mashine yangu ndipo anajitwika gunia lake. Ikinyamaza atadhani nimefunga, ataenda kwingine."

"Basi izime mchana kidogo, apate usingizi."

"Mhamishie chumba kingine."

"Hahamishiki. Akiguswa tu analia."

"Basi avumilie," Jubilate akasema, akilitupa ganda la ndizi. "Mavuno hayakai."

Kisa alirudi kwake mara nyingine, na nyingine tena. Mara ya mwisho alimkuta amesimama karibu na mikanda, na Jubilate akajifanya hamsikii, akamwonyesha masikio yake kwa kidole na kutikisa kichwa.

Marta alifariki alasiri moja ya mavuno. Felista, mke wa Jubilate, ambaye kila siku alikuwa akimletea uji, alikuwa chumbani akamwona amebadilika. Alitoka akawaambia wateja kwamba mama anaaga. Wateja wakaacha magunia yao bandani, wakaja kuketi uani kwa Marta, wanawake wakijifunga khanga viunoni. Mashine iliendelea.

Marta alifungua macho akamtazama binti yake na kuanza kusema. Halikuwa neno moja. Ilikuwa sentensi nzima, ndefu, na alipoona binti yake hajibu aliirudia. Kisa aliweka sikio kwenye midomo yake. Alihisi pumzi, alihisi midomo ikimgusa, lakini alichosikia ni injini.

"Mwambie azime," akamwambia Felista. "Dakika tu. Mkimbilie."

Felista alikimbia. Aliporudi alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto ndani ya khanga, akatikisa kichwa. "Hakunisikia," alisema. Marta alikuwa ameshanyamaza.

Kwenye mazishi Jubilate alivaa koti, akatupa udongo kaburini kama wengine, na akatoa gunia la mchele kwa ajili ya waombolezaji. Mchungaji alimshukuru mbele ya watu wote. Kisa hakuonja wali ule. Aliketi kwenye mkeka akiyatazama mabega ya yule mtu alipokuwa akila, na moyoni mwake hakukuwa na sala.

Ndugu walitegemea angerudi Mbeya baada ya matanga. Hakurudi. Alisema anabaki kuangalia kakao ya mama yake, na kazi yake ya raba akaihamishia barazani kwa Marta. Aliishi kwenye nyumba ile ile, akalala kwenye chumba kile kile. Mashine ilimwamsha kila asubuhi naye aliiacha imwamshe. Kila ilipowaka alimwona mama yake akisogeza midomo.

Kabla ya masika Jubilate aliingiwa na tamaa ya kukoboa mpunga wa kata nzima. Akanunua injini kubwa zaidi iliyopitia mpakani Kasumulu, akaifunga pale pale ilipokuwa ya zamani. Injini ile haikukubali. Ilikata bolti wiki ya kwanza. Alipoweka bolti nene zaidi, ikapasua zege. Fundi aliyeitwa kutoka mjini aliitazama ikiruka, akamwambia wazi kwamba bila raba itajing'oa na kuwaumiza watu.

Jubilate akavuka uani kwenda kwa Kisa, bila hata dalili ya aibu usoni.

"Binti Marta, ile kazi uliyonitajia zamani. Zile raba. Unaweza kwa injini kubwa?"

Kisa alikuwa anakata ubavu wa tairi la lori. Kisu kikatulia mkononi. "Naweza."

"Utanifanyia?"

"Nitakufanyia. Lakini uniache nifanye ninavyojua. Nikisema pachimbwe pachimbwe, nikisema pamwagwe zege pamwagwe."

"Mama yako hakukosea kukuita Kisa," alisema Jubilate, maana kwa Kinyakyusa kisa ni huruma. "Una huruma kweli. Ndaga fijo, asante sana."

Alipoondoka, Kisa aliendelea kukata tairi hadi jua likapinda. Mikono yake ilikuwa imara. Kwa muda mrefu alikuwa akiwaza moto, akiwaza mchanga kwenye tangi la dizeli, akaviona vyote kuwa ni vidogo. Moto ungemwachia huzuni ya mali, na watu wangemchangia. Alichotaka yeye ni Jubilate ahisi, kwenye mwili wake mwenyewe, akiwa amelala na hana pa kwenda. Sasa mlango ulikuwa umefunguliwa na mwenye nyumba.

Upande wa pili wa banda lile ilikuwepo nyumba mpya ya Jubilate, ya bati la rangi na sakafu ya marumaru. Chumba chake cha kulala kilipakana na mashine, kwa sababu alipenda kuwa karibu nayo. Ila nyumba ile haikuwa imegusana na zege la injini. Katikati palikuwa na ukanda wa udongo laini, na udongo ule ndio uliokuwa ukiilinda siku zote bila mwenyewe kujua.

Kisa alianza na upande wa mama yake. Alikodi vibarua wakakata zege lililoegemea msingi wa Marta, wakachimba mtaro mwembamba wenye kina, naye akaujaza vipande vya matairi vilivyokatwakatwa. Miguu ya mashine ya upande huo aliikalisha juu ya raba nene na laini, tabaka juu ya tabaka, ambazo ukizibonyeza zinarudi polepole.

Kisha akageukia upande wa Jubilate. Kule alichonga raba zenye sura ile ile na unene ule ule, lakini ndani alizitoboa, akazishindilia vipande vya chuma, na juu akafunika kwa ngozi nyembamba ya mpira. Mguu wa mashine ulipokaa pale ulikuwa umekaa juu ya chuma. Ule ukanda wa udongo akaagiza uchimbwe na kujazwa nondo na zege, hadi zege la injini na msingi wa nyumba mpya vikawa kitu kimoja.

"Hapa unafanya nini?" Jubilate aliuliza siku ile ya zege.

"Naufunga msingi ushike. Injini hii ina nguvu. Inahitaji kitu kizito cha kuishikilia."

"Kweli, kweli," akasema, na yeye mwenyewe akachukua koleo akasaidia kushindilia.

Kisa alikuwa anaujua mtikisiko kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake mkorofi: ukimzibia huku atatokea kule. Alikuwa ameziba huku kwa uangalifu mkubwa, na kule amefagia njia.

Siku ya kuwasha, watu walijaa bandani. Injini ilinguruma, mashine ikayumba kidogo kisha ikatulia mahali pake, bolti zote zikiwa salama. Jubilate alipiga makofi. Kisa aliingia chumbani kwa mama yake, akajaza kikombe maji na kukiweka kwenye kitanda kilichokuwa kitupu. Sauti ilikuwepo, lakini ilisikika kama ya mahali pengine, na maji yalikaa kimya kama kioo. Akayatazama kwa hasira. Jambo lilikuwa rahisi kiasi hiki.

Mavuno yalianza. Sahani zilianguka kabatini kwa Jubilate. Marumaru zilipasuka kutoka pembeni kuelekea katikati, na Jubilate akagombana na fundi aliyeijenga nyumba, akimwita mwizi wa saruji. Yeye mwenyewe hakuumia sana, maana mchana kutwa alikuwa amesimama bandani. Aliyeumia ni Felista. Alianza kufunga kitambaa kichwani, akalalamika kwamba macho yanamcheza. Kisa alimwona akipita na kitambaa chake na kitu kikamchoma. Akageuza uso. Akajiambia kwamba subira yake haijafika mwisho.

Ilifika siku Jubilate aliponyanyua gunia kwa hasira, kuwaonyesha vibarua wavivu jinsi ya kunyanyua. Mgongo ukateguka. Walimbeba hadi kitandani, na mganga wa zahanati akamwambia alale chali, atulie, asitikiswe. Jubilate akamwita Anyitike, ndugu yake wa ukoo, mtu mzima mwenye familia yake, akamkabidhi mashine na kumwagiza aiendeshe tangu alfajiri hadi giza.

Kisa alikwenda kumpa pole mgonjwa, kama jirani yeyote. Alibeba parachichi. Aliketi kwenye stuli kando ya kitanda, na kabla hajasema neno akausikia mtikisiko ukipanda kutoka kwenye marumaru zilizopasuka, ukipita kwenye miguu ya stuli, ukimwingia mwilini. Vidonge kwenye pakiti vilikuwa vikirukaruka juu ya meza. Mashavu ya Jubilate yalitetema. Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia.

"Unasikia?" Jubilate akamwuliza.

"Nini?"

"Kitanda. Shika."

Kisa akaweka kiganja kwenye ubao wa kitanda, akakiacha pale. "Nasikia."

"Inaingia kwenye uti wa mgongo. Inapanda mpaka kwenye meno. Silali, Kisa. Hata ikizimwa naisikia bado."

"Mwambie Anyitike azime."

Jubilate alimtazama kama mtu aliyeambiwa auze mtoto. "Saa hizi? Magunia yamefika hadi barabarani."

"Hamia chumba kingine."

"Sinyanyuliki. Wakinigusa tu nazimia."

"Basi vumilia, Baba Neema. Mavuno hayakai."

Alimtazama usoni, akisubiri aone kama maneno yale yatamgusa mahali. Hayakumgusa. Jubilate alifumba macho na kukubali kwa kichwa, kama aliyepewa ushauri mwema. Alikuwa amesahau. Yale maneno ambayo Kisa alikuwa akilala nayo na kuamka nayo, yeye aliyasema na kuyatupa pamoja na ganda la ndizi. Kisa akatoka pale akiwa na chuki mpya juu ya ile ya zamani.

Tangu siku hiyo alikwenda kila siku. Alipeleka ndizi, alipeleka maziwa. Wanawake wa kanisani walimsifu kwa moyo wake. Aliketi, akaweka kiganja kwenye ubao wa kitanda, na kumsikiliza akiugua.

Felista ndiye aliyegundua. Alikuwa anafagia pumba chini ya mashine upande wa nyumba yake, ufagio ukanasa kwenye raba moja ambayo ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Akainama. Jioni hiyo Kisa alikuwa anapika barazani alipomwona Felista anakuja mikono mitupu, na Felista hakuwahi kufika kwao mikono mitupu.

"Raba za upande wetu zina chuma ndani," Felista alisema.

Kisa akapunguza moto. "Zina."

"Na zege ulilomwaga ni la kuleta mtikisiko kwetu."

"Ndiyo."

Felista aliketi kwenye kigoda. Akakunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na kovu pana, jeusi, la ngozi iliyowahi kukwanguliwa.

"Siku ile nilikwambia hakunisikia," alisema. "Alinisikia. Nilimpigia kelele sikioni, nikanyoosha mkono niizime mwenyewe. Akanisukuma nikaangukia mkanda."

Kisa akaliinamia lile kovu.

"Na wateja walikuwa wametoka wote, uliwaona uani. Hakuna mpunga wa mtu aliokuwa anakoboa. Ulikuwa wake. Angeweza kuukoboa kesho yake, au mwezi ujao. Nimenyamaza na jambo hili mwaka mzima."

Ufuniko wa sufuria ulicheza kwa mvuke. Kisa alikuwa amedhani chuki yake imefika ukingo, na sasa akaona ina nafasi bado.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Simwambii. Ila kuna mahali ulikosea, Kisa. Mimi pia nalala kwenye kile chumba."

"Najua. Nilijua tangu mwanzo, Mama Neema. Nikafumba macho."

Felista akashusha mkono wa gauni. "Kitanda cha mama yako kina mtu?"

"Hakina."

"Leo nitalala huko."

Alikwenda akachukua nguo zake na mkeka, akarudi. Alilala kwenye kitanda cha Marta na hakuamka hadi jua lilipokuwa juu, huku mashine ikiunguruma nyuma ya ukuta.

Kuondoka kwa mke, na kusikia kwamba analala fofofo nyuma ya mashine ile ile, ndiko kulikomwamsha Jubilate. Alimtuma Anyitike akachunguze kila mguu wa mashine. Anyitike aliporudi na habari ya chuma, Jubilate alijikokota kutoka kitandani, akachukua fimbo na kuvuka ua, akisimama kila baada ya hatua. Mchana ulikuwa mweupe. Kisa alikuwa barazani na kisu chake cha kukatia tairi.

"Umeweka chuma," alisema Jubilate, jasho likimtiririka.

"Nimeweka."

"Nimekukosea nini?"

Kisa alisimama. "Mama alikuwa anakufa nyuma ya ukuta wako. Alikuwa ananiambia neno. Alilisema mara mbili, na sikulisikia, kwa sababu ulikuwa unakoboa. Mkeo alikuja kukuomba ukamsukuma kwenye mkanda. Ulikuwa unakoboa mpunga wako, Baba Neema. Wako mwenyewe."

Jubilate akatazama huku na huku. "Ilikuwa siku ile ya mkanda?" akauliza.

"Ilikuwa siku ile."

"Nitakupeleka serikalini."

"Twende. Nitaeleza yote, kuanzia kitanda cha mama."

"Na mimi nitakuwepo," ilitoka sauti ya Felista ndani ya nyumba.

Jubilate aliegemea fimbo. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ile kubwa. "Unataka nini? Sema. Unataka nini ili uvitoe vyuma hivyo?"

"Sivitoi," Kisa akasema. "Lakini kuna njia. Mwambie Anyitike azime. Ukizima, hutasikia kitu. Hata siku ile ilikuwa hivyo hivyo."

Jubilate alirudi kitandani kwake, na mwendo ule ukamwacha hawezi hata kuketi. Mashine haikuzimwa siku ile, wala iliyofuata. Watu wa Busale walimsikia akilia kwa maumivu, na waliokuwa kwenye foleni waliambiana wamhurumie, lakini magunia yaliendelea kuingia na Anyitike aliendelea kuyamimina, kwa sababu ndiyo amri iliyotoka kitandani. Kisa alisikia pia. Hakwenda tena kumwona. Hakukuwa na haja. Jubilate alikuwa anajifanyia mwenyewe yale ambayo angeweza kuyakomesha kwa kuzima tu.

Halafu mguu wa kulia ukafa ganzi. Mganga akamwambia akiendelea hivyo hatatembea. Kisa alikuwa shambani, anapasua maganda ya kakao na mwanamke aliyekuwa akimsaidia, mashine iliponyamaza. Ilinyamaza katikati ya mchana, katikati ya mavuno, na ukimya ukashuka juu ya mikakao na mpunga hadi wakasikia kuku wakiparua kwenye majani makavu.

"Kuna nini?" mwanamke yule akauliza.

"Amezima," Kisa alisema.

Alikuwa amejiuliza mara nyingi atahisi nini. Alihisi furaha, nzito na ya moto, na hakuionea aibu. Akaketi kwenye gogo na kuinywa taratibu. Baadaye akajaribu, katika ukimya ule, kuiona tena midomo ya mama yake na kuisoma. Midomo ilisogea kama siku zote. Hakupata hata neno moja.

Jubilate alipoweza kutembea alivunja zege lile na kuhamishia mashine barabarani, mbali na nyumba za watu, mahali ambapo angeweza kuiweka tangu mwanzo. Alimtuma Anyitike kuomba raba, safari hii za kweli. Kisa alimpa jina la fundi mwingine wa Mbeya na kumtakia safari njema. Kila walipokutana njiani Jubilate alimsalimu kwanza, naye alimwitikia kama desturi inavyotaka, bila kusimama.

Mwanzoni mwa kiangazi Kisa alirudi kwenye kibanda chake mjini. Ufunguo wa nyumba na kakao yote alimwachia Felista, kwa mapatano ambayo wanawake hao wawili waliyafanya jikoni bila shahidi. Ndugu wa Jubilate walikuja wakamsihi arudi kwa mumewe. Felista aliwapikia wali, akawasikiliza hadi mwisho, akawasindikiza mpaka barabarani.

Siku hizi Jubilate akitoka kwenda kwenye mashine lazima apite mbele ya ua wa Marta. Humkuta mke wake ameinama juu ya mkeka, anageuza mbegu za kakao juani kwa kiganja. Hupunguza mwendo. Felista hugeuza mbegu mpaka upande wa pili wa mkeka, naye hupita.